Kutoka Buguruni hadi Chanika: siku saba na mashina ya michungwa

Siku ya 1. Buguruni

Mwezi Mei masika yanaelekea kuisha, na fuso za machungwa kutoka Muheza zimeshapanga foleni Buguruni kabla ya adhana ya alfajiri. Kazi ya kuzalisha aina mpya ya mchungwa kwa mkulima wa biashara inaanzia hapa kwenye matenga. Mzalishaji asiyejua chungwa la Dar linaliwa vipi atamaliza miaka kumi na tano akitengeneza tunda la watu wengine.

Chungwa la hapa ni la kijani hata likiiva. Ganda hugeuka rangi pale joto la usiku linaposhuka kukaribia nyuzi 13 za Selsiasi: ukijani hufifia, na njano iliyokuwa chini yake hujitokeza. Usiku wa pwani haupoi kiasi hicho. Kwa hiyo katalogi zenye picha za machungwa yanayong'aa zisimdanganye mtu. Aina ileile ikipandwa Mbagala itatoa tunda la kijani. Rangi tuliifuta kwenye orodha ya sifa za kuchagulia, yakabaki yale wauzaji wanayoyataja wenyewe bila kuulizwa: ganda, juisi, msimu.

Muuza machungwa wa toroli humenya kwa kisu, mkanda mmoja mrefu, akabakiza ngozi nyeupe, akakata kofia, mteja akanyonya amesimama. Tunda la ganda jembamba mno hukatwa hadi kwenye nyama likavuja. La ganda legelege kama chenza halimenyeki kwa kisu kabisa. Mbegu mteja huzitema, hana neno nazo. Kiwanda cha juisi ndicho kinachozichukia, maana zikisagwa huacha uchungu. Msimu ndio wenye pesa. Aina ya Msasa hutangulia, Valencia ya kawaida hufuata, na katikati ya misimu bei huruka. Kwa maoni yetu, aina inayoiva wiki sita nje ya mkumbo, hata kama si tamu kuliko zote, ina thamani kwa mkulima kuliko aina tamu inayoiva siku moja na machungwa ya kila mtu.

Vipimo vyenyewe havihitaji maabara kubwa. Kutoka kila fungu yalichukuliwa matunda 10, yakapimwa uzito, yakakamuliwa mazima. Kukamua kipande ni kosa, kwa sababu upande wa chini wa tunda, mbali na kikonyo, huwa mtamu kuliko upande wa kikonyo. Uzito wa juisi ukigawanywa kwa uzito wa matunda na kuzidishwa kwa 100 ni asilimia ya juisi. Sukari husomwa kwa refraktomita: matone mawili, na kipimo kiwe kimesafishwa na kuwekwa sifuri kwa maji yaliyotoneshwa. Refraktomita za bei nafuu zimepangwa kusoma kwenye nyuzi 20. Hapa sokoni saa nne asubuhi ni nyuzi 30, na kama chombo hakijirekebishi chenyewe, masomo ya Brix 10 (Brix ni kipimo cha sukari) yanahitaji kuongezwa karibu 0.7 hadi 0.8. Wengi hulisahau hilo, kisha hushangaa kwa nini chungwa la Dar "halina sukari".

Asidi: mililita 10 za juisi, matone matatu ya fenolfthalini, halafu soda kali ya nguvu 0.1 inadondoshwa taratibu hadi uwaridi ubaki bila kufutika. Mililita za soda zilizotumika zidishe kwa 0.064. Mtu akitumia mililita 12, asidi ni asilimia 0.77, Brix ikiwa 10, uwiano wa sukari kwa asidi ni 13, na tunda hilo linalika vizuri. Uwiano ukiwa chini ya 8 mteja atakunja uso.

Kasoro ya siku ilikuwa moja. Hakuna fungu hata moja Buguruni ambalo mwenye mali angeweza kusema mti wake umekaa juu ya shina gani, yaani mti wa chini wenye mizizi. Na Valencia moja, iliyokatwa vijiti vya macho kwenye mti mmoja, ikibebeshwa juu ya mlimau hutoa juisi ya majimaji, na ikibebeshwa juu ya mdanzi (mchungwa mchungu) hutoa juisi nzito. Dalali hulaumu aina, kumbe aina haina kosa.

Siku ya 2. Boko na Bunju

Barabara ya Bagamoyo ina vitalu vilivyojipanga kando ya lami kama maduka ya mitumba. "Bosi, huu miaka miwili tu unazaa," ndiyo salamu. Mche wa mchungwa ni miti miwili: chini kuna shina lenye mizizi, juu kuna aina inayozaa. Lebo, ikiwapo, hutaja wa juu tu.

Wa chini, kwenye vitalu vingi vya pwani, ni mlimau wa ganda lenye vinundu. Haukuchaguliwa kijinga. Mizizi yake huenda chini sana, hustahimili ukame na mchanga, mti hukua mbio na kuzaa sana, na hauanguki kwa virusi vya tristeza. Malipo yake ni sukari kidogo kwenye tunda, na shina linaloshambuliwa kirahisi na Phytophthora (kimelea cha udongo kinachofanana na kuvu) na minyoo ya mizizi ya michungwa. Mwenye shamba kavu la mchanga anayeuza kwa tenga anaweza kuridhika. Anayeuza kwa uzito wa sukari hawezi.

Mbegu ndiyo mwanzo wa matatizo, na hapa inafaa kukaa kidogo. Mbegu ya machungwa na malimau mengi ina viinitete zaidi ya kimoja. Kimoja kimetokana na chavua. Vingine vimeota kutoka kwenye nyama ya mama yenyewe na ni nakala zake kamili. Kwa mwenye kitalu hiyo ni baraka, maana miche ya mlimau wa vinundu kwa sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 90, hufanana na mama kama sarafu. Michache iliyobaki ni chotara, na hiyo ndiyo inayokuja kuonekana shambani baada ya miaka sita kama miti iliyodumaa katikati ya mistari mizuri. Miche ikifika sentimita 10 hadi 15 ing'olewe yote, itandazwe, na iliyozidi urefu, iliyopungua, au yenye jani la umbo tofauti itupwe. Huruma ya mwenye kitalu hapa hulipwa na mkulima.

Utaratibu wa mbegu ni huu. Tunda lichumwe mtini. Lililoanguka limeshagusa Phytophthora. Kata ganda kuzunguka bila kufika katikati, zungusha, lifunguke, mbegu zisikatwe. Osha, zinazoelea tupa. Chovya kwenye maji ya nyuzi 52 kwa dakika 10, ukiwa na kipimajoto, maana nyuzi 57 zinaua mbegu na nyuzi 47 zinaacha vimelea. Poza, anika kivulini hadi maji ya juu yakauke tu. Mbegu ya mchungwa si mahindi: ikikauka kabisa imekufa. Mfuko uliofungwa kwenye friji, nyuzi 4 hadi 7, utaitunza miezi kadhaa. Mbegu za kuokota kwa wakamua juisi, zilizoanikwa juani juu ya gunia, ndizo zinazoota nusu na kuchanganya malimau, machungwa na machenza kwenye tuta moja.

Panda kina cha sentimita moja na nusu. Kwa joto la hapa huchomoza baada ya wiki mbili hadi nne. Wakati wa kuhamishia kwenye mifuko, mzizi mkuu ukiingia umepinda kama ndoana utabaki ndoana maisha yake yote. Mche utapendeza kitaluni, kisha upepo wa kusi wa mwaka wa nne utaulaza. Mfuko uwe na kina cha sentimita 30. Vifuko vya maziwa tulivyoviona mahali pawili havifai kwa kazi hii hata kidogo.

Kubebesha hufanyika shina likifika unene wa penseli. Mwagilia vizuri siku tatu kabla, ganda litabanduka lenyewe. Lisipobanduka acha, usilazimishe. Kata alama ya T iliyopinduliwa, mkato wa wima sentimita 3 na wa mlalo chini yake, ili maji ya mvua yasitiririkie ndani. Jicho likatwe na kipande cha ganda cha sentimita 2 hadi 2.5 kutoka kwenye kijiti cha mviringo. Vijiti vyenye pembe tatu bado ni vichanga. Sukuma jicho kutoka chini kwenda juu, funga kwa utepe wa plastiki kuanzia chini ili kila mzunguko ufunike wa chini yake kama bati. Fungua baada ya siku 14 hadi 21. Jicho likiwa la kijani, kunja au kata nusu shina la juu yake ili liamke.

Urefu wa kubebesha ndio ugomvi wetu mkubwa na vitalu vya barabarani. Sentimita 10 kutoka kwenye udongo ni rahisi kwa mgongo wa fundi, lakini mkulima akipanda na kupalilia udongo hufunika kiungo, na aina ya juu, isiyo na kinga, inaanza kuoza. Sentimita 30 ndiyo iwe kanuni kwenye udongo mzito.

Kisu. Spiriti na moto wa kiberiti huua bakteria, ila viroidi (kimelea kidogo kuliko virusi), kama ile inayobabua magamba ya mashina ya jamii ya Poncirus, ndugu wa mchungwa, haisikii. Kinachoiua ni jiki: sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, kisu kichovywe kati ya mti mama na mti mama, kisha kifutwe mafuta maana jiki hula chuma. Vijiti vya macho vifungwe kwenye gazeti lenye unyevu, ndani ya mfuko, ndani ya boksi la barafu. Kwenye buti ya gari Mwenge saa nane mchana vinaiva kabla ya kufika.

Na ile hadithi ya "mchungwa wangu umegeuka mlimau": haujageuka. Jicho lilikufa au lilizidiwa, maotea ya chini yakachukua nafasi, na mwenye mti akayatunza.

Siku ya 3. Tegeta na Wazo

Chokaa ya Wazo ndiyo inayolisha kiwanda cha saruji, na hiyohiyo ndiyo inayoua mashina ya kisasa. Kipimo cha kwanza kinagharimu kijiko cha siki: dondosha juu ya udongo mkavu, ukichemka na kutoa povu una chokaa huru. Hapa ulichemka mara moja, kwenye mashimo matatu kati ya manne.

Katika udongo huo madini ya chuma yapo tele lakini mizizi haiyapati. Majani machanga yanakuwa ya njano, mishipa inabaki kijani kama wavu wa samaki, ncha zinakufa. Watu humwaga salfeti ya chuma, ikajifunga na chokaa siku hiyohiyo. Chuma kilichofungwa kwa kemikali ya EDTA nacho huachia pH ikipanda. Kinachofanya kazi ni cha EDDHA, cha bei kali, na cha kurudia. Ni nafuu kuchagua shina sahihi tangu mwanzo.

Mashina mengi yanayosifiwa duniani yana damu ya Poncirus trifoliata, mti wa Asia wa vijani vitatu, unaopukutisha majani wakati wa baridi, mchungu, wenye miiba, lakini wenye kinga dhidi ya tristeza, minyoo ya mizizi ya michungwa na Phytophthora. Carrizo na Troyer zilitokana na chungwa la Washington Navel na Poncirus. Swingle ilitokana na balungi la Duncan na Poncirus, chavua ikapakwa Florida mwaka 1907, na shina likatolewa rasmi kwa wakulima mwaka 1974. Miaka 67. Anayeahidi shina jipya kwa miaka mitano muulize amelijaribu wapi. Zote tatu, kwenye chokaa ya Wazo, zitageuka njano.

Yanayovumilia chokaa ni mchenza wa Cleopatra, mlimau wa Volkamer, na mdanzi. Mdanzi ungekuwa jibu la kila kitu: tunda tamu, kinga nzuri ya kuoza shina, unavumilia chokaa na maji mengi. Kikwazo ni tristeza, neno la Kihispania na Kireno lenye maana ya huzuni. Chungwa likibebeshwa juu ya mdanzi na virusi vikaingia, mishipa ya chakula chini ya kiungo hufa, mizizi hulala njaa, mti hukauka na matunda yakiwa juu. Kuanzia miaka ya 1930 mamilioni ya miti ilikufa hivyo Argentina na Brazili. Virusi hubebwa na vidukari vya kahawia, na huku kwetu vipo. Kwa hiyo mdanzi tuliufuta kwa machungwa, balungi na machenza. Kwa malimau bado unafaa.

Kipimo cha tristeza kimeota uani kwa watu wengi wa Dar bila wao kujua. Mndimu mdogo, ule wa ndimu za achari, ndio mti wa kuonyeshea ugonjwa huu duniani kote. Bebesha kipande cha ganda la mti unaoushuku kwenye mche wa mndimu uliooteshwa kwa mbegu. Ndani ya wiki chache majani machanga yakiwa na mishipa iliyopauka ukiyainua kwenye mwanga, na baadaye yakikunjika kama kijiko, jibu umepata.

Siku ya 4. Kigamboni

Kivuko cha Magogoni, kisha kusini kufuata pwani. Mchanga mweupe, visima vifupi, maji yanayoacha alama nyeupe kwenye ndoo.

Michungwa huchukia chumvi kuliko mazao mengi ya bustani. Mavuno huanza kupungua chumvi ya maji ya udongo ikipita desisimensi 1.7 kwa mita, na kila uniti moja juu ya hapo hukata karibu asilimia 16. Kipimo kifanywe mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli, kisima kikiwa kimenyonywa. Kipimo cha Mei, baada ya masika, humpa mkulima faraja ya uongo. Kinachochoma ni kloraidi zaidi: ncha za majani makuukuu hukauka rangi ya shaba, kisha jani huanguka.

Hapa shina ndilo linaloamua. Cleopatra na ndimu ya Rangpur huzuia kloraidi isipande majani. Carrizo na Poncirus huiachia njia. Sifa hiyo inafanya Cleopatra kuwa chaguo la Kigamboni, pamoja na madhaifu yake: huchelewa kuzaa, na Valencia juu yake huwa ndogo miaka ya mwanzo. Wakulima wengi huikatia tamaa mwaka wa tano, ambapo ndipo ilikuwa inaanza.

Mbolea nayo iangaliwe. Muriate ya potashi ni kloraidi ya potasiamu. Tumia salfeti ya potasiamu. Usinyunyizie maji ya kisima juu ya majani, yatafyonza chumvi moja kwa moja. Na mchanga haushiki kitu, kwa hiyo naitrojeni igawanywe mara sita hadi nane kwa mwaka badala ya mara mbili.

Siku ya 5. Bonde la Msimbazi, kisha Upanga

Asubuhi fupi. Mfinyanzi wa Msimbazi hushika maji siku nyingi baada ya mafuriko, na kwenye mlimau tuliouona gundi ilikuwa ikitoka shinani, ganda limezama na kunuka. Kuthibitisha Phytophthora ni rahisi: udongo kiganja kimoja kwenye kopo, maji juu yake sentimita mbili, vipande vya jani la mlimau vinaelea kwa siku mbili au tatu, kingo zikigeuka kahawia, kimelea kipo, na darubini humaliza ubishi. Swingle na Poncirus huhimili. Mlimau na Cleopatra hapana. Lakini kusema kweli bonde hili liachiwe mchicha. Anayetaka michungwa apande vilima vya Pugu.

Jangwani palikuwa hapapitiki, mchana ukaishia Upanga, kwenye nyua zenye miti ya majani ya kari. Mti huo ni ndugu wa mchungwa, na silidi wa Asia, Diaphorina citri, anaupenda sana. Ni mdudu wa kahawia, mdogo kuliko punje ya mchele, akitua huinua mkia juu. Kuwapo kwake Tanzania kuliripotiwa mwaka 2016. Anabeba bakteria wa ugonjwa wa huanglongbing, kwa kifupi HLB. Afrika ilikuwa tayari na aina yake ya ugonjwa huo, unaobebwa na silidi mwingine, Trioza erytreae, ambaye huumizwa na joto na hukaa zaidi nyanda za juu. Huyu wa Asia hapati shida na joto la pwani, na hapo ndipo Dar inapoingia.

HLB hufananishwa na upungufu wa zinki. Chora kwa kalamu miduara miwili kwenye jani, mmoja kila upande wa mshipa mkuu, mahali panapolingana. Zinki hufifisha pande zote kwa ulinganifu. HLB huweka mabaka yasiyolingana, kijani huku, njano kule. Tunda hupinda, na mbegu zake huwa nyeusi na nyembamba. Florida iliugundua mwaka 2005. Msimu wa 2003/04 ilivuna makasha milioni 242 ya machungwa. Msimu wa 2023/24 hayakufika milioni 20. Hakuna shina lenye kinga kamili. Yapo yanayosaidia mti ulioambukizwa uendelee kuzaa, kama US-942, mtoto wa mchenza wa Sunki na Poncirus aina ya Flying Dragon, lililotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 2010.

Kwa vitalu vya Boko maana yake ni wavu. Miti mama ya vijiti vya macho na miche yote ikae ndani ya nyumba ya wavu wa matundu yasiyozidi milimita 0.3, yenye milango miwili isiyofunguliwa kwa pamoja, na karatasi za njano za gundi zikaguliwe kila wiki. Kitalu cha wazi chini ya mwembe kimekwisha wakati wake.

Siku ya 6. Mikocheni

TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ina kituo hapa kinachojulikana kwa minazi na bioteknolojia, na siku ilikwenda kwenye upande wa meza: shina jipya linapatikanaje.

Vile viinitete vya nakala, vilivyokuwa baraka kitaluni, ni balaa kwa mzalishaji. Anapaka chavua maua mia, anapata miche mingi, na karibu yote ni mama yuleyule. Dawa ya kwanza ni kuchagua mama mwenye kiinitete kimoja, kama balungi kubwa la kienyeji la nyama nyekundu au Clementine. Dawa ya pili ni kutumia Poncirus kama baba: jani la vijani vitatu hutawala, hivyo mche wenye jani tatu ni chotara na wa jani moja ni nakala, unaonekana kwa macho ukiwa na sentimita tano. Wazazi wote wakiwa wa jani moja, hakuna njia ila alama za DNA.

Ua hushughulikiwa siku moja kabla ya kufunguka, likiwa limevimba jeupe kama bisi. Ondoa petali na stameni zote kwa kibano, paka chavua kwenye stigma, ncha ya kike ya ua inayonata, funika kwa mfuko wa karatasi, andika mama, baba na tarehe. Chavua hukusanywa kutoka maua ambayo hayajafunguka, hukaushwa usiku mmoja juu ya silika jeli, na hukaa kwenye friji wiki kadhaa. Ua lililofunguka lenyewe liachwe, nyuki ameshapita.

Tunda lisilo na mbegu hutafutwa kwa kuvunja hesabu ya kromosomu: mzazi wa seti mbili na wa seti nne hutoa mtoto wa seti tatu, asiyeweza kutengeneza mbegu. Ndimu kubwa ya Tahiti ni ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba mbegu za mchanganyiko huo mara nyingi hufa ndani ya tunda, na kiinitete lazima kiokolewe kwa kisu na kukuzwa kwenye chupa. Njia nyingine ni mionzi juu ya vijiti vya macho. Chenza la Tango lilipatikana hivyo, na balungi la Star Ruby lilitokana na mbegu zilizopigwa mionzi. Jicho lililopigwa mionzi huwa na chembe zilizobadilika na ambazo hazijabadilika pamoja, kwa hiyo lazima libebeshwe tena mara mbili au tatu kabla ya kuaminiwa.

Kwa Tanzania njia ya haraka ni kuleta mashina yaliyokwisha kujaribiwa, na yaletwe kama mbegu. Tristeza haipiti kwenye mbegu. Aina za juu haziwezi kuja hivyo, lazima zije kama vijiti vya macho, na kijiti ni basi la abiria wa kila ugonjwa. Kinasafishwa kwa kubebesha ncha: kipande cha milimita 0.1 hadi 0.2, chenye majani machanga mawili au matatu yasiyoonekana bila darubini, kinawekwa juu ya mche wa wiki mbili ulioota gizani ndani ya chupa. Virusi huwa bado havijafika kwenye ncha hiyo. Kipande kikubwa zaidi hushika kirahisi na hubeba virusi. Kidogo zaidi hufa. Kabla ya yote hayo kuna kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea, na anayeficha vijiti kwenye sanduku la nguo uwanja wa ndege anaweza kuwaletea majirani zake wote HLB.

Jambo moja la mkataba: Tanzania iliingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 2015, na chini ya mkataba wa 1991 aina ya mti hulindwa kwa miaka isiyopungua 25. Aina iliyolindwa nje haizalishwi hapa bila ruhusa ikiwa imesajiliwa na hapa pia.

Siku ya 7. Chanika

Udongo tifutifu wa kichanga, mteremko mdogo, maji matamu: mahali pa jaribio la kulinganisha, ilhali Wazo na Kigamboni yakawekwa majaribio madogo ya mateso.

Mpango uliopimwa kwa kamba: mashina 5 (mlimau wa vinundu kama kipimo cha kulinganishia, Cleopatra, Volkamer, Swingle, Carrizo), aina 3 za juu (Msasa, Valencia, na chenza moja), vitalu vya marudio 4 (sehemu za shamba, kila moja yenye michanganyiko yote), miti 3 kwa kila kipande. Jumla miti 180. Kwa nafasi ya mita 6 kwa 6 ni mita za mraba 6,480, zaidi kidogo ya ekari moja na nusu, bila kuhesabu mstari wa walinzi kuzunguka, ambao nao upandwe. Vitalu vya marudio vifuate mteremko: kimoja juu, kimoja chini, ili tofauti ya udongo isivae jina la shina. Limau la Eureka tuliliacha nje kwa makusudi. Halipatani na Swingle wala Carrizo, kiungo huvimba na kuvunjika.

Kila mwaka: kipenyo cha shina sentimita 10 juu na 10 chini ya kiungo, mahali palipopakwa rangi ili mkono usihame. Urefu wa mti na upana wake pande mbili. Ukubwa wa mwavuli ni 0.52 × urefu × upana mara upana. Mavuno ya kilo yagawanywe kwa ukubwa huo, maana mti mkubwa wenye kilo 100 unaweza kuwa mvivu kuliko mdogo wenye kilo 60, na miti midogo inaingia mingi kwenye ekari. Juisi, Brix na asidi kama Buguruni. Mavuno ya miaka miwili ya kwanza yaandikwe lakini yasitumike kufukuza shina lolote, Cleopatra hasa.

Miche iliwekwa ikiwa imeinuka kidogo, udongo wa mfuko sentimita 5 juu ya usawa wa shamba, kwa sababu utashuka. Maji lita 20 kwa kila mti siku ya kwanza, kisha matandazo ya majani makavu, kiganja kimoja mbali na shina. Vibao vya rangi hufutika kwa misimu miwili ya jua la hapa, na namba ikipotea mti nao umepotea, hata ukiwa umesimama. Vipande vya bati la alumini viliandikwa kwa msumari, vikafungwa kwenye vigingi vya chuma ubavuni mwa mti. Kwenye tawi waya hukaza na kulinyonga. Ramani ya shamba ilinakiliwa mara tatu, na nakala moja isikae Chanika.